Nyasi Hazisomi Bango

Nilipopanda kwenye trela, watu karibu mia nane walinyamaza kwa pamoja, wakidhani nimekuja kuimba.

Ilikuwa saa nne asubuhi, Jumamosi ya pili ya mwezi wa sita, na umande ulikuwa haujakatika bado. Nyuma yangu kulikuwa na dramu zilizofunikwa turubai, amplifaya sita, nyaya zilizojiviringisha miguuni, na Mjomba Hoyt aliyenishika kiwiko kana kwamba nitaruka nikimbie. Mbele yangu watu walikuwa wamepanga viti vyao vya kukunja nje ya uzio, kandokando ya barabara, kwa sababu ndani hapakuingilika. Ekari kumi na mbili za shamba letu zilikuwa zimelaliwa na nyasi zilizokatwa, mistari kwa mistari, zikingoja jua.

Kipaza sauti kilinukia bia na sigara za wale waliokijaribu jana yake. Nilikitazama tu. Mimi niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo sikuwahi kusema mbele ya watu wengi kuliko wanaotosha meza moja ya jikoni.

"Anza tu," Mjomba akaninong'oneza. "Ukishatoa neno la kwanza, la pili linajileta."

Nilimtafuta Baba kwa macho. Alikuwa amesimama mlangoni mwa ghala, mikono mfukoni, kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi. Hakunisaidia hata kwa kutikisa kichwa. Siku ilikuwa yangu. Aliniambia hivyo tangu mwezi wa pili.

Mkusanyiko wetu haukuanza kama mkusanyiko. Ulianza kwa sababu mama yangu hakuweza kutoka kitandani.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja alipoanza kuugua, na Baba akaiandikia shule kwamba nitasomea nyumbani. Vitabu vililetwa kweli, ndani ya boksi, na boksi likakaa chini ya ngazi mpaka tukazoea kuweka juu yake viatu vya matope. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kulikuwa na mgonjwa wa kugeuzwa, ng'ombe thelathini wa kulishwa, na watu wawili wa kufanya yote hayo. Nikawa mtu wa kutazama. Nilijua kwa pumzi za Mama kama ataamka na maumivu au bila. Nilijua kwa rangi ya shamba, ule ukijani unaoanza kupauka kwenye ncha, kwamba zimebaki siku nne nyasi zikatwe. Baba alipogundua kwamba naona kabla yake, akaacha kwenda kuangalia mwenyewe. Asubuhi alikuwa akiniuliza, huku anafunga kamba za viatu, "Zikoje?" nami namjibu. Mazungumzo yetu mengi yalikuwa hayo.

Nilipofikisha miaka kumi na mitatu, hospitali ilimrudisha Mama nyumbani. Tulimwekea kitanda kwenye dirisha la upande wa shamba. Mama alikuwa dada yake Hoyt, na kabla ya kuolewa aliimba na bendi ya kaka yake kwenye mabaa ya barabarani, huku na huku Alabama, sauti yake ikipita juu ya makelele ya watu walevi kama ndege anayevuka barabara kuu. Siku moja alimwambia kaka yake kwamba hatamani chakula, wala kutembea hatamani sana. Alichotamani ni jinsi magitaa mawili yanavyopanda pamoja, moja likimshika mwenzake mkono, mpaka yanafika mahali ambapo huwezi kujua lipi ni lipi.

Mjomba Hoyt alisikia, akaaga, akaondoka.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa tumemaliza kuingiza nyasi ghalani, na trela lilikuwa tupu. Mjomba akaja na wenzake watatu kwa pikapu mbili, wakapanga vyombo vyao juu ya trela, na Baba akalivuta kwa trekta mpaka chini ya dirisha. Wakaanza. Mtu asiyeijua roki ya Kusini mwa Marekani nitamwambia hivi: inaanza kama mtu anayetembea kwenye joto, hana haraka, na ghafla unamwona anakimbia na hujui alianza kukimbia saa ngapi. Mjomba alivaa soketi ya spana kwenye kidole, akawa anaiteleza juu ya nyuzi, na gitaa likalia kama mtu mzima anayejaribu asilie.

Bi Oleta, mjane wa ng'ambo ya barabara, alikuja kulalamika. Alikuja na aproni yake na uso wa vita.

"Hoyt, unaniulia kuku."

"Bi Oleta, kuku wako wamekufa zamani, wanasubiri tu kuambiwa."

Akafungua kinywa amjibu, kisha akaona dirishani mkono wa Mama ukigongagonga ubao, taratibu, ukifuata besi. Akageuka akaenda zake. Tukadhani amekasirika. Baada ya robo saa alirudi na sufuria nzima ya karanga za kuchemsha, akaiweka kwenye nyasi, akakaa. Mpaka jua linazama tulikuwa watu kumi na mmoja.

Mama tulimzika mwezi wa kwanza, ardhi ikiwa ngumu kama sufuria.

Mwezi wa sita, nyasi ziliingia ghalani tena. Ijumaa jioni Baba alichukua mpira wa maji akaliosha trela, ubao kwa ubao, akalivuta mpaka chini ya lile dirisha ambalo ndani yake hapakuwa na mtu tena, akazima trekta, akaenda kuangalia ng'ombe. Kesho yake Mjomba akaja bila kuitwa. Hivyo ndivyo mkusanyiko ulivyokuwa wa kila mwaka. Baba mwenyewe hakuwahi kukaa kusikiliza. Muziki ukianza, yeye alikuwa na uzio wa kurekebisha.

Tarehe hatukuwa nayo. Mtu akiuliza lini, Mjomba alijibu, "Nyasi zikiingia." Zikishaingia, yeye alipiga simu tatu, na wale watatu wakapiga zao. Mimi nilipima kukua kwa mkusanyiko kwa hesabu ya magari. Mwaka wa kwanza yaliishia kwenye mti wa njugu za pikani ulio karibu na kisima. Mwaka wa tatu yalifika bwawani. Mwaka wa tano yalivuka barabara mpaka uani kwa Bi Oleta, ambaye aligomba asubuhi nzima, na mchana akaonekana ameshika kamba na filimbi, anawapanga madereva kama jemadari. Mwaka wa saba polisi wawili wa kaunti walikuja kuuliza kuna nini hapa. Jioni mmoja wao alirudi bila sare, amebeba gitaa la besi. Namba za magari zilikuwa za Georgia, Mississippi, Tennessee. Watu walileta nyama ya nguruwe iliyochomwa usiku kucha, mikate ya mahindi, madebe ya chai baridi yenye sukari ya kuuma meno. Walikunywa, wakaimba, wakaokota takataka zao, wakaenda. Hatukuwahi kumtoza mtu kiingilio. Tungemtozea nini? Shamba lilikuwa tupu na trela lilikuwa halina kazi.

Mwaka wa tisa, mwezi wa pili, Mjomba alikuja jikoni macho yakimng'aa. Kulikuwa na bendi moja ya Georgia, watu wenye basi lao na jina lao, waliokuwa wamesikia habari zetu na kukubali kuja kwa pesa ya mafuta tu. Ila walitaka tarehe. Mtu wa kuchapisha mabango naye alitaka tarehe.

Baba akaendelea kukata nyama kwenye sahani yake, akanielekezea kisu. "Muulize Nelda. Yeye ndiye anayejua nyasi."

Nyuma ya mlango wa stoo nilikuwa naandika kwa penseli siku ambayo robota la mwisho la nyasi zilizofungwa liliingia ghalani, kila mwaka. Nilikwenda kuangalia, ingawa nilizijua kwa kichwa. Siku zote zilikuwa ndani ya wiki mbili za mwanzo za mwezi wa sita. Nakumbuka nilisimama pale stoo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kutoka nje ya nyumba ile kutaka jambo ambalo mimi tu ndiye nilikuwa nalo. Nilirudi mezani nikasema, Jumamosi ya pili.

Mjomba akapiga meza kwa furaha. Baba akaniangalia.

"Ukitaja siku, siku ni yako."

Nikasema sawa. Mtu wa kwetu mwenye akili timamu hataji siku ya nyasi mwezi wa pili. Mtoto wa miaka sita anajua hivyo. Lakini nilitaja, na mabango elfu moja yakachapishwa, yakabandikwa kwenye vituo vya mafuta mpaka ng'ambo ya mpaka wa jimbo.

Mvua ilianza tarehe tano ya mwezi wa tano, ikakataa kuacha. Haikuwa mvua kubwa. Ilikuwa ile ya kunyunyiza siku, kupumzika siku, na kunyunyiza tena, ambayo nyasi zinaipenda na mkulima anaichukia. Shamba likapanda mpaka kiunoni, kisha nyasi zikaanza kutoa mbegu na kukakamaa. Kila asubuhi Baba aliniuliza zikoje, nami nikamwambia zinapita muda wake. Bango lilikuwa limebandikwa hata kwenye duka tunalonunua misumari. Nilipolipita nilikuwa naangalia upande wa pili.

Jua lilitoka Jumatano ya wiki yenyewe. Redio ikasema litakaa mpaka Jumamosi, na Jumamosi jioni mvua itarudi ikae wiki. Alhamisi alfajiri Baba alisimama mlangoni kwangu akasema neno moja, "Nakata." Kufika saa tano shamba lote lilikuwa chini.

Ijumaa mahema ya kwanza yakafika, yakakuta pa kuyasimika hapapo. Mjomba alikuja mbio, akamkuta Baba anageuza nyasi kwa reki ya trekta, akalisimamisha trekta kwa kusimama mbele yake. Nami nilikuwepo, kwenye lango, nikiwaelekeza watu waegeshe barabarani.

"Shemeji, watu wanatoka Georgia."

"Nyasi hazisomi bango."

Mjomba akasema basi tuzisukume pembeni, tupate hata nusu ya shamba, watu wapate pa kukaa. Baba akamuuliza kama mwezi wa kwanza ng'ombe wake watakula nyuzi za gitaa. Mjomba akasema ni nyasi tu, zitanunuliwa nyingine. Baba akazima injini. Nilijua basi, kwa sababu Baba hazimi injini kwa ajili ya maneno madogo.

"Robota hata moja likinyeshewa, Hoyt, trela hili halitabeba gitaa tena. Nimemaliza."

Mjomba akageukia barabarani. Akautazama ule mlolongo wa magari, akanitazama mimi, na pale akasema, bila ubaya, kama mtu anayetafuta pa kushika asianguke, "Nelda ndiye aliyetaja siku."

"Basi Nelda atasema," Baba akajibu, akawasha trekta.

Usiku ule sikulala kwa hesabu. Tulikuwa na marobota kama mia tisa, na wa kuyabeba tulikuwa wanne: Baba, mimi, Mjomba, na mtoto wa kiume wa Bi Oleta ambaye mgongo wake ni mbovu. Na trela lilikuwa moja, nalo lilikuwa jukwaa.

Ndiyo maana nilikuwa nimesimama pale.

"Naitwa Nelda," nikasema, na sauti yangu ikanirudia kutoka upande wa bwawa, kubwa kuliko mimi. "Ile tarehe kwenye bango niliitaja mimi. Nilikosea. Nyasi zimechelewa na mvua inakuja jioni. Kuna marobota mia tisa ya kuingiza, na sisi tuko wanne. Hili trela ni la nyasi. Nalihitaji. Kwa hiyo hapatakuwa na muziki mpaka nyasi ziwe ndani."

Nilidhani watapiga miluzi. Nikasikia kopo moja la soda likifunguliwa. Kisha jitu moja lenye ndevu mpaka kifuani, limevaa kizibao cha ngozi, likainuka kwenye kiti. Baadaye nilijua anaitwa Dub na anatengeneza pikipiki kule Tennessee.

"Na tukisaidia?"

"Mtafanya ninavyosema."

"Hata mke wangu huniambia hivyo, na sijawahi kufanya."

"Ndiyo maana jana ulilala kwenye pikapu," mwanamke aliyekaa kando yake akasema, na barabara nzima ikaangua kicheko.

Wakaanza kuruka uzio. Hapo ndipo ilinibidi niseme la pili, nalo lilikuwa gumu kuliko la kwanza. Niliwaambia warudi. Nyasi zilikuwa bado na maji ndani. Robota likifungwa na maji hujichemsha lenyewe ghalani, siku kwa siku, mpaka siku moja linawaka, na kwetu kila mtu anamjua jirani aliyepoteza ghala namna hiyo. Tulipaswa kungoja.

Tukangoja. Mjomba na wenzake walishusha amplifaya na dramu, wakalisukuma trela mpaka shambani. Kufika saa sita, wingu lilikuwa limeonekana magharibi, la rangi ya bati kuukuu. Watu walikuwa wakiliangalia, kisha wananiangalia mimi. Wengine walikunja viti vyao wakaenda, na sikuwalaumu. Basi la Georgia likafika, wakashuka watu sita wenye nywele ndefu, wakauliza jukwaa liko wapi, na Bi Oleta akawaonyesha trela tupu katikati ya shamba, akawapa karanga.

Kila nusu saa niliingia shambani, nikachukua konzi ya nyasi chini ya mstari, mahali jua halifiki, nikaisokota kama mtu anayekamua nguo. Ikipinda bila kulia, bado.

"Nelda mama," Mjomba akaniambia, amekuja nyuma yangu taratibu, "wingu lile halichezi."

"Nimeliona."

"Tuanze basi na za upande wa juu."

"Za juu ndizo mbichi zaidi. Kuna kivuli cha miti asubuhi."

Akashika kiuno. Nilijua anachotaka kuniambia, kwamba kungoja kwangu ndiko kutakakotumaliza. Hakuniambia. Nami sikuwa na hakika kama nasubiri kwa kujua au kwa kuogopa kutaja saa nyingine ya makosa. Nikaingiza tena mikono ndani ya nyasi.

Saa saba kasorobo nikasokota, zikalia. Zilikatika kwa ule mlio mdogo wa kuni changa kwenye moto. Nilipoinuka nilimkuta Baba karibu yangu, sijui alifika saa ngapi. Akainama akachukua konzi yake mwenyewe, akaisokota mara moja, akaitupa, akaenda moja kwa moja kwenye trekta lenye mashine ya kufunga marobota, akapanda.

Sijawahi kuambiwa neno zuri kuliko lile.

Yaliyofuata nayakumbuka kwa vipande, kwa sababu nilikuwa juu kabisa ghalani, chini ya mabati, napanga. Robota haliwekwi tu. Safu ya kwanza inalala hivi, ya pili inaikata hivi, la sivyo yakifika juu yanateleza yote yakuue. Watu walipanga mstari kutoka kwenye trela mpaka kwangu, mkono kwa mkono, na nilikuwa naona nyuso zao mmoja mmoja zikitokea kwenye mwanga wa mlango. Alikuwepo mwalimu, alikuwepo wakili wa Birmingham aliyebeba robota lake kifuani kama mtoto anayepelekwa kubatizwa, walikuwepo mafundi na wauguzi. Waliniuliza, niliweke wapi, dada? Liko sawa hivi? Nami nikasema geuza, sukuma, hapana, toa, weka tena. Nikasikia sauti yangu inaamuru watu waliosoma mpaka vyuo, na hakuna aliyeniuliza nimesoma mpaka wapi.

Trekta la kuvuta trela liliendeshwa na mpiga gitaa wa Georgia. Wenzake walimsihi afikirie mikono yake, akawajibu kwamba amezaliwa kwenye zizi la maziwa na kwamba usukani haujawahi kumuuma mtu. Saa tisa pini ya mashine ikakatika. Mafundi sita, Dub akiwa wa kwanza, wakaingia chini yake, na kila mmoja alikuwa na maoni yake, na mama wa mashine ile alitukanwa. Baba, ambaye hajawahi kumruhusu mtu aiguse mashine ile, alikaa chini kwenye nyasi, akavua kofia, akawatazama wakitengeneza. Zilipita dakika kumi na moja. Mjomba Hoyt alibeba bila glavu, na kamba za marobota zikamkata vidole vya mkono wa kushoto. Nilipoona damu kwenye robota nikamwita.

"Kidole cha soketi ni kizima," akasema, akalipitisha.

Tone la kwanza liligonga bati saa kumi na moja na nusu. Mzigo wa mwisho ulikuwa bado nusu ya njia. Nilisimama pale juu, nikiona kwa upenyo wa mbao trela likija na wingu likiwa juu yake, na sikuweza kufanya lolote. Kisha nikaona watu wanakimbia kutoka barabarani. Walikuwa wameng'oa turubai za mahema yao, wakatupia juu ya mzigo, wengine wakishika ncha na kukimbia kando ya magurudumu, mvua ikiwapiga wao migongoni. Mahema yao yalibaki mifupa mitupu kando ya uzio. Trela likaingia ghalani na watu wakiwa wamelining'inia kila upande. Mvua ikamwagika nyuma yao kama mlango unaofungwa.

Umeme ulizimwa kwa ajili ya radi. Wapigaji wakakaa kwenye kizingiti cha ghala na magitaa yasiyo ya umeme, wakapiga, lakini mabati yalikuwa yakinguruma hata hatukusikia kitu. Watu walijaa mpaka kwenye vihori vya ng'ombe, wameloa, wamejaa makapi shingoni, wakitazama tu vidole vikienda na kutikisa vichwa kwa kukisia. Nilikuwa bado nimekaa juu ya marobota. Baba alipanda ngazi, akakaa kando yangu. Alinukia mafuta ya dizeli. Akatazama kazi yangu, safu baada ya safu, mpaka kwenye paa.

"Safu ya mwisho imepinda."

"Naona."

"Iache."

Tukakaa. Baada ya saa moja mvua ikachoka, na jua lililobaki likaingia chini ya mawingu. Trela tupu likavutwa nje, nyaya zikaunganishwa, na watu wakasimama kwenye matope mpaka vifundoni, kwenye shamba lililonyolewa. Magitaa mawili yakaanza kupanda pamoja. Baba hakuwa na uzio wa kurekebisha jioni ile. Alibaki palepale juu, na mimi sikugeuka kumtazama, kwa sababu kuna mambo ambayo hata mtu wa kutazama huyaacha yapite.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata mtu wa mabango alipiga simu. Baba ndiye aliyeipokea. Nilimsikia akisema tarehe hatuna, na yule mtu nadhani aliuliza aandike nini basi, maana Baba aliufunika mkonga wa simu kwa kiganja akanitazama. Nikamwambia aandike namba yetu ya simu tu.

Mwaka ule Baba alikata Jumatano. Sikuwa nimemwambia mtu, zilikuwa zimebaki siku tatu nyasi zikauke. Lakini Bi Oleta akiona trekta, basi Alabama nzima imeliona. Alhamisi asubuhi nilitoka na kahawa yangu nikakuta magari yamejipanga kando ya barabara, na mengine yalikuwa bado yanakuja, taratibu, taa zikiwaka kwenye ukungu. Kutoka kwenye gari la karibu alishuka mwanamke wa makamo nisiyemjua. Mkononi alikuwa na glavu mpya, bado zina karatasi ya dukani.

"Tumechelewa?"

"Hapana. Bado mbichi," nikamwambia. "Ni mpaka keshokutwa, jua likikubali."

Akalitazama shamba lote kutoka kushoto mpaka kulia, kama mtu anayesoma. Kisha akafungua buti, akatoa kiti chake cha kukunja, akakiweka kwenye uzio, uso umeelekea nyasi, akakaa. Mumewe akakaa kando yake. Wa gari la pili nao wakatoa vyao. Kufika saa nne walikuwa safu tatu, mikono mapajani, wakiziangalia zikikauka.